Chumvi na Ustahilifu: Maana na Matumizi ya Nahau ya Kiingereza "Worth One's Salt" na Namna ya Kuitafsiri kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza nahau ya Kiingereza "worth one's salt", ambayo hutumiwa kueleza kwamba mtu au kitu kinastahili jina, kazi au cheo kilichopewa. Inaonyeshwa kwamba kisa cha askari wa Kirumi waliolipwa chumvi, ambacho hutolewa mara nyingi kuwa ufafanuzi wa nahau hii, hakina ushahidi wa kutosha, na kwamba hata kingekuwa kweli kisingeeleza jinsi nahau inavyotumika. Hoja kuu ni kwamba nahau hii huweka kiwango cha chini cha ustahilifu. Haielezi ubora uliopindukia. Mfasiri anayeshikilia neno chumvi, au anayekimbilia neno bora, huipotosha hoja ya matini chanzi.

1.0 Utangulizi

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda. Mgeni wa Kiswahili anayejua maana ya piga, ya moyo na ya konde hawezi kwa ujuzi huo peke yake kutambua kwamba kupiga moyo konde ni kujipa ujasiri. Vivyo hivyo, Mswahili anayejua kwamba "salt" ni chumvi na kwamba "worth" huhusu thamani hawezi kwa ujuzi huo peke yake kufahamu Mwingereza anakusudia nini anaposema kwamba mwalimu fulani ni "worth his salt". Fasili ya kawaida ni kwamba mtu huyo anaimudu kazi yake, au kwamba anastahili ujira anaopewa. Fasili hiyo si kosa, lakini ni fupi mno kumfaa mfasiri.

Nahau hii hukutwa katika tahariri na makala za magazeti ya Kiingereza yanayochapishwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, katika hotuba za wanasiasa na katika maandishi ya taaluma. Mwanafunzi wa tafsiri anayekabiliwa nayo huelekea kufuata mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kushika umbo na kuandika "mwalimu anayestahili chumvi yake". Njia ya pili ni kukimbilia sifa na kuandika "mwalimu bora" au "mwalimu hodari sana". Njia ya kwanza humwacha msomaji gizani. Njia ya pili ina hatari kubwa zaidi kwa sababu husomeka vizuri, na kosa lake halionekani.

Uzito wa kosa hilo unatokana na kazi ambayo nahau hufanya. Sentensi yenye nahau hii kwa kawaida si ya kusifu tu. Ni sentensi ya hoja kuhusu wajibu: daktari anapaswa kufanya nini, hakimu hawezi kufanya nini, mwandishi wa habari asiiruke hatua ipi. Ikitafsiriwa kuwa sifa ya wachache, wajibu wa wote hugeuka kuwa hiari ya mabingwa. Kwa sababu hiyo makala hii inaanza kwa kuchunguza asili inayodaiwa ya nahau, kisha inachambua umbo lake na maana yake, na mwishoni inapendekeza namna ya kuitafsiri kwa Kiswahili na kuiingiza katika kamusi za lugha mbili.

2.0 Asili ya Nahau

2.1 Kisa cha Askari wa Kirumi

Ufafanuzi unaotolewa mara nyingi zaidi ni huu: askari wa Roma ya kale walilipwa chumvi; malipo hayo yaliitwa kwa Kilatini "salarium", neno linalotokana na "sal", yaani chumvi; askari mzembe hakustahili chumvi yake, na nahau ikazaliwa hapo. Kisa hiki kinapendeza kwa kuwa kinaunganisha neno, historia na maana kwa uzi mmoja. Hata hivyo, uzi huo una sehemu tatu ambazo lazima zipimwe mbalimbali.

Sehemu ya kwanza ni uhusiano wa maneno. Hapa hakuna mgogoro. Neno "salarium" linatokana na neno la chumvi, na Kiingereza kilipata neno "salary" kutoka humo kwa kupitia Kifaransa, katika karne ya 14. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliugusia uhusiano huo katika kitabu cha 31 cha Naturalis Historia, alipokuwa akieleza umuhimu wa chumvi katika maisha ya binadamu.

Sehemu ya pili ni madai kwamba askari walilipwa chumvi yenyewe. Hapa ushahidi unakosekana. Pliny anahusisha jina la malipo na chumvi, lakini hasemi kwamba askari walikabidhiwa chumvi badala ya fedha. Malipo ya askari wa Kirumi yaliitwa "stipendium", nayo yalikuwa sarafu. Katika enzi ya Augustus askari wa kawaida wa lijioni alipata denari 225 kwa mwaka, na Domitian akazifikisha 300. Neno "salarium" kwa upande wake lilitumika zaidi kwa posho za watu wa ngazi za juu. Suetonius, kwa mfano, anaeleza kwamba Nero aliwapa "salaria" za kila mwaka maseneta wa koo bora waliofilisika. Maseneta hao hawakuwa askari, wala hawakuwa na haja ya kupewa magunia ya chumvi.

Sehemu ya tatu ni daraja kati ya Roma na nahau ya Kiingereza, na hapo ndipo kisa kinapodhoofika kabisa. Miongoni mwa mifano ya awali inayotajwa na wachunguzi wa nahau ni ule uliomo katika African Memoranda, kitabu cha Philip Beaver kilichochapishwa mwaka 1805. Beaver alisimulia jaribio la Waingereza la mwaka 1792 la kuanzisha makazi katika kisiwa cha Bulama, ambacho leo kimo katika nchi ya Guinea-Bissau. Jaribio hilo lilishindwa. Beaver aliitumia nahau kwa kumlalamikia mfanyakazi mmoja ambaye awali alimfaa sana, lakini siku za karibuni hakustahili chumvi yake. Kati ya Pliny na Beaver zimepita zaidi ya karne 17. Nahau ambayo ingekuwa imerithiwa kutoka kambi za Warumi ingetazamiwa kuacha nyayo njiani, katika Kilatini chenyewe au katika lugha zilizozaliwa nacho.

Jambo linaloonekana wazi katika mfano wa Beaver ni uhusiano wa bwana na mtumishi. Mtumishi wa Ulaya ya wakati ule alipewa malazi na chakula, na chumvi ilikuwa sehemu ya chakula hicho. Kusema kwamba hastahili chumvi yake ni kusema kwamba kazi yake haifikii gharama ya kumlisha. Nahau nyingine za Kiingereza zinazotaja chakula na matunzo zina mantiki hiyo hiyo. Maelezo haya hayahitaji askari wala Warumi.

2.2 Chumvi, Mshahara na Posho

Kukanusha kisa cha Warumi si kukanusha kwamba chumvi iliwahi kutumika kama fedha. Huko Ethiopia vipande vya chumvi vilivyoitwa amole vilitumika katika mabadilishano hadi karne ya 20. Katika Tanzania ya magharibi, chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa muhimu ya biashara katika eneo la Ziwa Tanganyika kwa karne nyingi. Suala lililopo ni la ushahidi kuhusu nahau mahsusi, si la uwezekano.

Msamiati wa malipo katika Kiswahili una mafunzo yake katika jambo hili. Neno mshahara linatokana na Kiarabu, na asili yake ni neno lenye maana ya mwezi. Mshahara, kwa asili, ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Waarabu na Waswahili walilitaja lipo kwa muda wake, na Warumi walilitaja kwa kitu kinachohusishwa nalo. Hata hivyo, hakuna Mswahili anayefikiria mwezi anaposema kwamba mshahara umechelewa, na hakuna Mwingereza anayefikiria chumvi anaposema "salary". Asili ya neno ni jambo moja, na maana inayoishi vinywani mwa wasemaji ni jambo jingine.

Neno posho linatoa ulinganisho wa karibu zaidi na "salarium". Katika misafara ya karne ya 19 wapagazi walipewa posho kwa ajili ya chakula chao. Mara nyingi posho hiyo haikuwa chakula chenyewe, bali nguo au shanga ambazo mpagazi alibadilishana na wenyeji wa njiani ili apate chakula. Baadaye neno hilo lilifuata njia mbalimbali. Nchini Uganda posho ni ugali wa mahindi; nchini Kenya mashine ya posho ni mashine ya kusagia mahindi; nchini Tanzania posho ni fedha anazolipwa mtu kwa ajili ya safari, kikao au kazi ya ziada. Mchunguzi wa miaka 2,000 ijayo ambaye atasoma kwamba wabunge walipokea posho, kisha akahitimisha kwamba walilipwa kwa unga, atakuwa amefanya kosa lile lile la wanaohitimisha kwamba "salarium" ilikuwa chumvi.

3.0 Umbo la Nahau

Tabia za kisarufi za nahau hii zinaweza kuonwa katika mifano minne ifuatayo:

(1) "Any doctor worth his salt washes his hands before touching a patient."
(2) "No judge worth her salt would listen to one side only."
(3) "The new clerk has yet to prove that he is worth his salt."
(4) "A dictionary worth its salt tells the reader how a word is used."

Kwanza, nahau ina sehemu moja inayobadilika, nayo ni kivumishi cha kumiliki. Kivumishi hicho hupatana na nomino inayotangulia: mwanamume, mwanamke, kitu au watu wengi. Kiingereza cha miongo ya karibuni hutumia pia "their" kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haikutajwa, ili kuepuka kumchukulia kila daktari au hakimu kuwa mwanamume. Kiswahili hakina tatizo hili, kwani kiambishi cha nafsi na mzizi -ake havibagui jinsia.

Pili, sehemu zilizobaki zimeganda. Neno la chumvi haliwezi kuwekwa katika wingi, haliwezi kupewa sifa, wala haliwezi kubadilishwa na jina la kiungo kingine bila kuifanya sentensi kuwa mzaha. Kuganda huku ni dalili kwamba msemaji haitaji chumvi yoyote.

Tatu, nahau hutokea mahali pawili. Katika (1), (2) na (4) inafuata nomino na kuiwekea mpaka, kama kishazi rejeshi kilichofupishwa. Katika (3) iko katika kiarifu, ikimweleza mtu mmoja anayejulikana. Tofauti hii ya mahali ni ya msingi kwa mfasiri, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0.

Nne, nahau inapofuata nomino huandamana na maneno ya ujumla kama vile "any" na "no", na kitenzi cha sentensi huwa katika hali ya mazoea au ya makadirio. Haisemi kwamba daktari fulani alinawa mikono jana. Inasema madaktari hufanya nini, kwa kuwa ni madaktari.

Tano, nahau hupendelea majina ya kazi, vyeo na vifaa vyenye matumizi maalumu: daktari, hakimu, mhariri, fundi, kamusi. Hata inapotumika na neno la jumla kama "man", neno hilo huchukuliwa kana kwamba uanaume ni wadhifa wenye masharti yake. Ustahilifu unaopimwa ni wa mtu katika kazi yake. Si wa utu wake kwa jumla.

4.0 Maana ya Nahau

4.1 Kizingiti, si Kilele

Semi za Kiingereza zinazoeleza ustahilifu na thamani zinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza huonyesha kilele. Nahau inayomlinganisha mtu na dhahabu yenye uzito wake, "worth one's weight in gold", imo katika kundi hilo: anayesifiwa hivyo ni adimu, na wengi hawamfikii. Kundi la pili huonyesha kizingiti, yaani kiwango cha chini ambacho asiyekifikia hawezi kuhesabiwa ndani ya kundi. Nahau ya chumvi imo katika kundi hili la pili.

Mfano (1) unathibitisha jambo hili. Kunawa mikono si upeo wa utabibu; ni mwanzo wake. Mwandishi wa sentensi hiyo hadai kwamba madaktari mashuhuri ndio hunawa mikono. Anadai kwamba asiyenawa hana haki ya kuitwa daktari. Sasa ichukuliwe tafsiri isemayo: "Daktari bora hunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa." Tafsiri hiyo ni Kiswahili safi, lakini inaacha mlango wazi kwa daktari wa kawaida, asiye bora, kutonawa mikono na bado akabaki daktari. Matini chanzi iliufunga mlango huo. Ikiwa sentensi hiyo imo katika mwongozo wa afya au katika makala ya kuwahimiza wahudumu wa zahanati, tofauti hiyo ina madhara nje ya kurasa za isimu.

Uhusiano wa kizingiti na picha ya chumvi unaeleweka. Chumvi ni sehemu ndogo ya gharama za kumlisha mtumishi. Anayeshindwa kufidia hata gharama hiyo ameshindwa mtihani mwepesi kuliko yote. Ndiyo maana nahau ilipoanza kuzoeleka ilifaa sana kwa ukanushi na lawama, kama katika mfano wa Beaver. Umbo lake la kukubali halimpandishi mtu juu sana. Humwondolea lawama hiyo.

4.2 Kazi Tatu katika Sentensi Moja

Nahau inapofuata nomino, msemaji hutimiza mambo matatu kwa pamoja. Jambo la kwanza ni kutoa kauli ya jumla kuhusu watu wa kazi fulani. Jambo la pili ni kuligawa kundi hilo katika mafungu mawili: wenye kazi kwa kweli na wenye kazi kwa jina. Jambo la tatu ni kutoa onyo la kichinichini: yeyote atakayekwenda kinyume cha kauli hiyo amejitoa mwenyewe katika fungu la kwanza. Jambo hili la tatu halisemwi wazi, bali hueleweka kutokana na matumizi. Kwa hiyo linahusu pragmatiki zaidi kuliko semantiki.

Nguvu hiyo ina upande wake mbaya. Mwanafalsafa Antony Flew, katika kitabu chake Thinking about Thinking cha mwaka 1975, alieleza kosa la kimantiki linalojulikana kwa mfano wa Mskochi. Mtu hudai kwamba hakuna Mskochi anayetenda jambo fulani; akionyeshwa Mskochi aliyelitenda, hujibu kwamba huyo si Mskochi wa kweli. Kwa jibu hilo dai lake haliwezi tena kukanushwa na ushahidi wowote, na kwa hiyo halisemi chochote kuhusu Waskochi waliopo. Nahau ya chumvi inaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Anayesema kwamba kila mchumi "worth his salt" anaunga mkono sera fulani amejikinga mapema dhidi ya wachumi wanaoipinga, kwa kuwa amekwisha kuwatoa katika orodha.

Hivyo kuna matumizi halali na matumizi ya hila. Matumizi ni halali pale kizingiti kinapotokana na kazi yenyewe na kinakubalika na wenye kazi hiyo, kama kunawa mikono kwa daktari au kusikiliza pande zote kwa hakimu. Ni ya hila pale kizingiti kinapobuniwa na msemaji ili kuwanyamazisha wapinzani. Mfasiri hana mamlaka ya kusahihisha hila ya mwandishi, lakini hana pia ruhusa ya kuificha. Msomaji wa Kiswahili anastahili kuiona hoja jinsi ilivyo ili aweze kuipinga.

5.0 Chumvi katika Nahau za Kiswahili na za Jirani Zake

Tafsiri sisisi ya nahau hii ina tatizo zaidi ya ugeni. Chumvi, au munyu kama inavyoitwa katika baadhi ya lahaja, tayari ina kazi zake katika nahau za Kiswahili, na kazi hizo haziambatani na ustahilifu. Kutia chumvi au kuongeza chumvi ni kuzidisha habari kuliko ukweli wake. Kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi na kupata uzoefu wa maisha.

Kwa hiyo "mwandishi wa habari anayestahili chumvi yake" anaweza kueleweka kuwa mwandishi mwenye haki ya kupamba habari zake, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha sifa iliyokusudiwa. Nayo "mzee anayestahili chumvi yake" humpeleka msikilizaji kwenye umri. Msomaji hakosi maana tu. Anapata maana nyingine. Ni kweli kwamba sitiari ya waumini kuwa chumvi ya dunia, iliyomo katika Mathayo 5:13, imeingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri za Biblia na inaeleweka na wengi. Lakini sitiari hiyo husisitiza faida ya mtu kwa wanaomzunguka. Haihusu ujira wala sharti la kuitwa mwenye kazi.

Mfano wa lugha nyingine unaonyesha kwamba hata pale chumvi inapohusu bwana na mtumishi, maana yaweza kuwa tofauti. Katika Kiurdu na Kihindi, "namak halal" ni mtu mwaminifu kwa aliyemlisha chumvi, na "namak haram" ni asiye na shukrani, msaliti. Misemo hiyo si migeni kwa wapenzi wa sinema za Kihindi katika Afrika ya Mashariki, kwani filamu ya Namak Haraam ilitoka mwaka 1973 na ya Namak Halaal mwaka 1982. Hapo chumvi ni deni la uaminifu. Mtumishi hodari aliyemsaliti bwana wake ni "namak haram" ingawa kazi yake ilikuwa safi. Katika Kiingereza mtumishi huyo angeweza kuwa "worth his salt" kwa ustadi wake. Chumvi ni moja, kipimo ni tofauti.

6.0 Kuitafsiri kwa Kiswahili

Mona Baker, katika In Other Words cha mwaka 1992, anataja njia kuu za kutafsiri nahau: kutumia nahau yenye maana na umbo linalofanana, kutumia nahau yenye maana inayofanana na umbo tofauti, kufafanua kwa maneno ya kawaida, na kuacha. Njia ya kwanza imekwisha kuonekana kwamba haifai hapa. Ya mwisho hufuta kizingiti chenyewe. Zinabaki njia ya pili na ya tatu, na Kiswahili kina nyenzo za kutosha kwa zote mbili.

Kwa nahau inayofuata nomino, nyenzo ya kwanza ni kishazi rejeshi: "Daktari yeyote anayestahili kuitwa daktari hunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa." Kishazi hiki kinabeba kizingiti, kinaligawa kundi na kinahifadhi onyo. Udhaifu wake ni urefu. Nyenzo ya pili ni neno hasa, au fungu wa kweli: "Daktari hasa hunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa." Hapa Kiswahili kinafikia kwa neno moja kile ambacho Kiingereza kinakifikia kwa maneno matatu. Nyenzo ya tatu ni fungu wa maana, linalofaa zaidi kwa vitu: "Kamusi ya maana humweleza msomaji jinsi neno linavyotumika." Nyenzo ya nne ni kauli kama anayejua kazi yake, ambayo inafaa pale kizingiti kinapohusu ujuzi, na anayejiheshimu, ambayo inafaa pale kinapohusu heshima ya kazi.

Kauli nyingine zinahitaji tahadhari. Fundi aliyeiva ni sifa nzuri, lakini inaelekea kwenye umahiri uliokomaa, yaani inapanda kutoka kizingitini kuelekea kileleni. Mtu mwenye utu, kwa upande wake, husifu tabia ya mtu mzima na si kazi yake; daktari mwenye utu na daktari hasa ni madai mawili, ingawa yanaweza kukutana kwa mtu mmoja.

Hali ya kitenzi nayo inahitaji uangalifu. Kiambishi hu- cha mazoea kinalingana vizuri na kauli ya jumla ya Kiingereza. Lakini "would" katika mfano (2) huwavuta wanafunzi kwenye -nge-: "Hakuna hakimu hasa ambaye angesikiliza upande mmoja tu." Katika Kiswahili -nge- humfanya msomaji angojee sharti ambalo halitajwi. Inafaa zaidi kusema: "Hakimu hasa hawezi kusikiliza upande mmoja tu", au kwa mkazo, "Hakuna hakimu anayestahili jina hilo anayeweza kusikiliza upande mmoja tu."

Nahau inapokuwa katika kiarifu, uhusiano wake na ujira hufufuka, na Kiswahili kinaweza kuufuata: "Karani mpya bado hajaonyesha kwamba anaustahili mshahara wake." Ukanushi wake una nahau iliyo tayari: "Karani yule anakula mshahara wa bure." Hapa lugha mbili zinakutana kwa karibu sana. Zote zinaona ujira kama chakula, na zote zinamlaumu anayekula bila kurudisha. Hekima hiyo hiyo imo katika methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Ikumbukwe tu kwamba nyenzo hii haifai kwa mifano (1) na (2). Kusema "daktari anayestahili mshahara wake" pale ambapo hoja ni usalama wa mgonjwa ni kuigeuza hoja ya wajibu kuwa hoja ya malipo.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi uliofanywa unaonyesha kwamba nahau "worth one's salt" ina maana mbili zinazohusiana. Katika kiarifu humpima mtu kwa ujira wake. Ikifuata nomino huweka sharti la kustahili jina la kazi, na haimsifu mtu kuwa amewapita wenzake. Kisa cha askari wa Kirumi hakisaidii kuzitofautisha maana hizo, na ushahidi wa kihistoria haukiungi mkono.

Kwa watunzi wa kamusi za Kiingereza na Kiswahili, matokeo haya yanadai mambo matatu. Kwanza, kidahizo cha nahau hii kisitoshelezwe na neno bora au hodari. Kitoe anayestahili kuitwa, hasa na wa maana kwa mahali pa kwanza, na kustahili mshahara kwa mahali pa pili. Pili, kila mahali pawekewe mfano wa sentensi, kwa kuwa visawe hivyo havibadilishani nafasi. Tatu, ukanushi upewe nafasi yake, kwa sababu kula mshahara wa bure ni kisawe ambacho mtumiaji hawezi kukipata kwa kukanusha visawe vya kukubali. Kwa walimu wa tafsiri, nahau hii ni zoezi zuri la kuwafundisha wanafunzi kuuliza swali moja kabla ya kutafuta kisawe: je, sentensi hii inamsifu mtu, au inamdai? Mwanafunzi aliyelijibu swali hilo hatasumbuliwa na chumvi.